Namba Kwenye Kona

Kebo haikunjwi kwenye kiwiko. Nimelisema hilo miaka tisa, nimeliandika kwa kalamu nene ukutani juu ya meza yangu ya kazi, na bado wapo watu wanaoshika kebo kama wanakusanya kamba ya kuanikia nguo: huku kidole gumba, huku kiwiko, zungusha, zungusha, tupa. Nyuzi za ndani ni nyembamba. Ukizikunja kwa nguvu mahali pamoja zinakatika kimyakimya, kwa nje huoni kitu, halafu siku unayoihitaji kebo kuliko siku zote inakutazama tu.

Ijumaa ile asubuhi nilifungua sanduku langu la bati nikaikuta kebo yangu imekunjwa kwenye kiwiko.

Na si kebo ya kuokoteza. Laptopu yangu ni mpya, matundu yake madogo kama mdomo wa mtu mwenye maringo. Kompyuta ya injini, ile iliyofungwa chini ya dashibodi za magari ya mashindano, ni ya zamani, na tundu lake ni la mviringo lenye meno saba. Viwili hivyo havijuani hata kwa salamu. Ili vizungumze unaunga adapta ya kutoka tundu dogo kwenda kubwa, unaunga nyingine ya kutoka hapo kwenda kwenye plagi pana ya meno tisa, halafu ya tatu, ambayo haiuzwi dukani, niliilehemu kwa mikono yangu. Hata ile ya katikati ilinitoa jasho. Nilijaribu saba, sita nikazitupa, ya saba ndiyo iliyosema kweli, nikaipaka rangi nyekundu ya kucha isije ikachanganyika na za watu. Kaka aliuita mlolongo huo "treni ya mdogo wangu", na wateja walicheka.

Kaka ni ndugu yangu wa tumbo moja, kanizidi miaka sita, na gereji ni yetu sisi wawili. Yeye ni mtu wa spana. Mpe injini iliyokwama tangu enzi za babu, ataifungua huku anapiga mluzi. Mimi ni wa kompyuta. Kazi yangu ni kuiandikia injini ramani, yaani jedwali refu lenye vyumba mamia, kila chumba na namba yake, linaloiambia injini inywe mafuta kiasi gani na cheche iwake wakati gani. Yeye anaufunga mwili, mimi naandika akili. Tulikuwa tunasema hivyo kwa wateja kila siku, kwa zamu, kama wimbo.

Sasa nieleze kwa nini Ijumaa ile ilikuwa nzito. Jumatatu yake injini ya Rubani ilikufa. Tunamwita Rubani kwa sababu anaendesha kama mtu anayetafuta njia ya kurukia. Ramani ya injini ile niliandika mimi, na timu yake ilikuwa imenitamkia wazi kwamba wiki ikiisha watanikabidhi kazi ya msimu mzima, niwe fundi wao wa kompyuta, magari yote manne. Kazi hiyo nimeiwinda tangu nilipojua kushika laptopu. Halafu Jumatatu, dakika kumi na moja tangu aanze mazoezi, pistoni ya tatu ikatoboka katikati, tundu la kuingia kidole.

Pistoni haitoboki vile kwa bahati mbaya. Inatoboka pale injini inaponyimwa mafuta huku cheche imewahishwa. Anayenyima ni ramani, na mwenye ramani ni mimi. Ndivyo kila mtu alivyohesabu, na mimi mwenyewe nikahesabu hivyo hivyo. Katika kazi hii mwanamume akiua injini watasema injini ilikuwa imechoka. Nikiua mimi, basi, wanawake na magari wapi na wapi. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha.

Meneja wa timu alitoa amri moja tu. Gari likae uani kwetu chini ya turubai, mtu asiiguse kompyuta yake mpaka Ijumaa, siku hiyo niifungue mbele yao tuone kilichoandikwa ndani. Nikiwa nimekosea, kazi ya msimu inakwenda kwa mwingine, na kila gereji itajua sababu kabla ya jioni. Nilikubali. Ningekataaje?

Siku hizo sikulala nikalala. Niliifungua ramani iliyobaki kwenye laptopu yangu nikaipitia chumba kwa chumba, sikuona kosa, nikaipitia tena, nikaanza kujitilia shaka macho. Kaka ndiye aliyenishika mkono. Jumanne aliniletea chai mezani, ya maziwa, na hajawahi kuniletea chai tangu tufungue gereji.

"Mdogo wangu," akasema, "hakuna fundi ambaye hajaua injini. Mimi nimeua mbili. Ijumaa usibishane nao. Waombe radhi tu, yaishe."

"Lakini sioni nilipokosea, kaka."

"Kosa halionwi na mwenyewe."

Nikalia juu ya bega lake, kwenye ovaroli lake linalonuka grisi, nikamwambia asante. Naomba mlishike hilo. Nilimwambia asante.

Kwa hiyo nilipoiona kebo imekunjwa kiwiko, nilijua ni mkono wa nani. Uani kwetu anayekunja hivyo ni mmoja. Lakini nikajiambia labda alikuwa anatafuta kitu chini ya sanduku, akaitoa, akairudisha. Ukimpenda ndugu yako unamtungia sababu hata kabla hajakuomba.

Walifika saa tatu kamili. Meneja ni mama wa makamo aliyewahi kufundisha hesabu, miwani yake inaning'inia shingoni kwa uzi, na haendi mahali bila daftari. Rubani alikuwa nyuma yake, mikono mfukoni, hakunitazama. Mtu huyu wiki mbili kabla alikuwa ananiita "daktari wangu". Tukalivua gari turubai, nikaingia kiti cha dereva, laptopu magotini, nikaanza kuunga treni yangu. Adapta ndogo, tik. Nyekundu, tik. Meno tisa, nikakaza skrubu zake mbili kwa vidole. Nikainama chini ya dashibodi nikaingiza tundu la mviringo, nikalizungusha mpaka likajifunga.

"Fungua swichi," nikamwambia Rubani kupitia dirishani. Akanyoosha mkono akafungua.

Ile adapta nyekundu ina kataa kadogo ka kijani kanakopepesa ikipata mwenzake. Hakakupepesa. Kwenye kioo cha laptopu ikaja sentensi moja: hakuna mawasiliano. Nikachomoa, nikachomeka tundu jingine. Hakuna mawasiliano. Nikaifunga programu, nikaifungua upya. 

"Huwa inachukua muda?" Meneja akauliza.

Kabla sijajibu, kaka akaja mbele akijifuta mikono kwa kitambaa. "Kebo imekufa hiyo," akasema. "Meneja, jamani, tusipotezeane muda. Mdogo wangu ameshakubali, yuko tayari kuomba radhi. Mwaka huu mwacheni apumzike, mwakani mtamfikiria. Bado anajifunza."

Nilimtazama. Sikuwa nimekubali kitu, na sikuwa nimemtuma. Na hiyo ya "bado anajifunza" iliniingia kama mwiba, maana wateja wote pale uani wanajua nani amemfundisha nani kuwasha kompyuta.

"Naomba dakika kumi," nikasema.

Nikaibeba kebo mpaka mezani. Nikatoa mita, ile inayolia ukigusisha ncha mbili za waya mzima, nikaanza kuzipima nyuzi mmoja mmoja. Wa kwanza ukalia. Wa pili, wa tatu, wa nne ukalia. Wa tano kimya. Kamba hukatikia pembamba, wanasema, lakini kebo hukatikia ilipokunjwa. Nikaipitisha taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka nikapata mahali palipolegea, palepale ambapo kiwiko kingekaa. Nikakata, nikamenya ganda, nikawasha chuma cha kulehemu, nikasubiri kipate moto.

Kazi ya kulehemu inataka mikono mitatu, na miaka yote wa tatu ni mkono wa kaka. Anashika ncha, mimi naweka risasi ya kulehemu. Siku ile nilinyanyua macho kumwita nikamkuta amekaa juu ya tairi, anaifuta spana ambayo ilikuwa safi. Nikaibana ncha kwa koleo, nikalehemu peke yangu. Moshi ukanipanda machoni. Rubani akasogea akainama kutazama, na kwa mara ya kwanza siku ile akanisemesha.

"Hiyo imekatwa?"

"Imekunjwa vibaya," nikasema, nikafunga utepe.

Nikarudi garini. Tik, tik, tik. Swichi. Kataa ka kijani kakapepesa mara moja, kakanyamaza, halafu kakaanza kupepesa bila kusita, na namba zikaanza kumiminika kwenye kioo. Wote wakasogea dirishani isipokuwa kaka.

Ramani zangu nazijua kama ninavyojua mahali pa kila kijiko jikoni kwangu umeme ukikatika. Ile haikuwa yangu. Nilijua kabla hata haijamaliza kufunguka. Namba za mafuta zilikuwa ndogo mno, na hazikuwa ndogo kwa kubahatisha. Zilipangwa vizuri kabisa na mtu anayejua kazi, ila zilipangwa kwa ajili ya gari lenye nozeli kubwa, vile vidomo vinavyonyunyizia injini mafuta. Nozeli kubwa inafungua kidogo inamwaga mafuta mengi. Sasa chukua ramani hiyo uiweke kwenye gari lenye nozeli ndogo kama la Rubani: injini inaomba mafuta, inapewa matone. Pistoni itoboke, isitoboke? Mtu alichukua ramani ya gari jingine, akaichomeka humu bila kuuliza nozeli. Moyo ulinipasuka kwa furaha. Nilifungua mdomo nipige kelele kwamba si mimi.

Lakini nina mazoea yangu, na mazoea yakaninyamazisha. Kila ramani ninayoandika naitia saini. Kwenye jedwali la cheche, chini kabisa kulia, kuna chumba ambacho injini haifiki hata siku moja: mizunguko elfu tisa kwa dakika, huku mguu haujakanyaga mafuta. Hakuna gari linalofanya hivyo. Ukiandika namba yoyote pale haina faida wala madhara. Mimi huandika ishirini na moja nukta nne. Miaka tisa, ramani zote. Aliyejua alikuwa kaka peke yake, kwa sababu aliniona nikiandika, akauliza maana yake, nikamjibu kwamba hiyo ni siri ya fundi, tukacheka.

Nikashuka mpaka kwenye kona. Ishirini na moja nukta nne.

Ramani si yangu, saini yangu. Kwa muda mfupi, na nasema ukweli, niliamini kwamba nimechanganyikiwa, kwamba labda niliiandika mwenyewe siku nikiwa nimechoka nikasahau. Hapo ndipo nikafungua ukurasa ambao mafundi wengi hawaufungui kwa sababu hauna la kusaidia kwenye mbio. Kompyuta ya injini huhesabu imeandikwa mara ngapi. Mimi nikimaliza kazi hunakili hesabu hiyo kwenye daftari langu. Daftari langu lilisema hamsini na saba. Gari likasema hamsini na tisa.

Chini yake kulikuwa na mstari mwingine. Injini ina saa yake, nayo haitembei kama saa ya ukutani. Inatembea injini ikizunguka tu, ikizimwa inasimama. Mstari ule ulisema maandishi ya mwisho yaliingizwa saa ya injini ilipokuwa tisini na sita nukta tatu. Nikatazama saa ya injini sasa hivi. Tisini na sita nukta tatu.

Niliusoma mara mbili. Injini ile ilikufa Jumatatu ikiwa inazunguka, na tangu ilipokufa haijazunguka. Aliyeandika mara ya mwisho aliandika gari likiwa limeshakufa. Alikuja hapa uani, akainua turubai, akachomeka treni yangu kwenye maiti, akaandika kitu kimoja, akaikunja kebo kwenye kiwiko akaenda zake.

Mnajua sikupandwa na hasira kwanza? Na mimi hasira zangu ziko karibu, kila mtu anajua. Kwanza niliona aibu, kana kwamba ni mimi niliyekutwa na kitu cha wizi. Sikutaka Meneja aone. Kidole kilishafika kwenye kitufe cha kufunga.

Ndipo kaka akazungumza kutoka kule kwenye tairi. "Mwangalieni kwenye kona," akasema, kwa upole, kwa ile sauti yake ya kuongea na wateja wenye huzuni. "Ana kawaida ya kuweka namba yake kwenye kona ya chini. Ishirini na moja na kitu. Kama ipo, ni kazi yake. Mimi ni ndugu yake, sipendi kusema, lakini ukweli ni ukweli. Msameheni tu."

Hapo ndipo hasira zikafika. Siri ya miaka tisa, ameitoa hadharani kama anatupa maji machafu, na bado ananiombea msamaha.

Nikatoka garini na laptopu mkononi, kebo inaning'inia kutoka mlangoni. "Kaka," nikasema, "una neno lolote kabla sijaigeuza hii waione?"

"Niseme nini, mdogo wangu? Mimi nakuombea."

Nikaigeuza.

Nikamweleza Meneja polepole, na yeye akavaa miwani akafungua daftari kama yuko darasani. Namba za mafuta za nozeli kubwa. Hesabu ya hamsini na saba kwenye daftari langu, na hamsini na tisa kwenye gari. Saa ya injini, halafu saa ya maandishi ya mwisho. Akaandika namba mbili zile moja chini ya nyingine, akachora mstari chini yake kama mtu anayetoa, akatazama jibu.

"Sifuri," akasema. "Kwa hiyo saini hii iliwekwa gari likiwa limeshakufa."

"Ndiyo."

"Na maiti hasaini," Rubani akasema.

"Na mwenye kosa," Meneja akaendelea, bado anatazama daftari, "haendi kwenye gari lililokufa kuongeza jina lake juu ya kosa lake. Angelifuta. Namba hii wanaijua watu wangapi?"

"Wawili," nikasema. "Mmoja ametoka kuitaja sasa hivi."

Hakuna aliyegeuka haraka. Kaka alikuwa ameshika spana yake safi. Nilimwona akitafuta uongo mwingine usoni mwake, nikamwona anaukosa, maana mimi uso ule nimeusoma tangu sijajua kusoma.

"Jumapili," akasema mwishowe. "Ulipokuwa kwenye harusi ya rafiki yako. Gari lilikuwa hapa kwa ajili ya breki. Nilipata ramani kwa fundi mmoja, akaniambia ina nguvu, nikatumia ile laptopu ya zamani ya ofisini. Nilitaka Rubani aliendeshe Jumatatu aone tofauti, aje hapa aseme, kaka, huu mkono wako. Mara moja tu. Kila anayeingia lile geti anaulizia yule dada yuko wapi. Miaka tisa, mdogo wangu. Mimi natoa injini kwa mikono, wao wanaulizia yule dada."

"Nozeli za gari hilo alizifunga nani?" nikamuuliza.

Akainamisha kichwa. Alizifunga yeye.

Nitasema na langu, maana nisiposema nitakuwa mwongo kama yeye. Mwaka juzi alijaribu kujifunza kompyuta, akawa anaandika kwa kidole kimoja, anaitafuta kila herufi kama amedondosha sarafu, nami nikamcheka mbele ya mteja. Hakugusa laptopu yangu tena. Hilo nalikumbuka. Nililikumbuka palepale.

"Ya Jumapili ningekusamehe kabla hujafika mwisho wa sentensi," nikamwambia. "Tungesimama wote wawili mbele yao tukasema gereji imekosea. Mchuma janga hula na wa kwao, na mimi ni wa kwako. Hiyo nyingine uliifanya lini?"

"Jumatano. Ulipokwenda kununua vichungi vya oili."

"Jumanne umeniletea chai."

Akaifuta tena spana yake.

"Jumanne umeniletea chai, nimelia begani kwako, Jumatano ukaja ukaandika jina langu."

"Niliona wewe watakusamehe," akasema. "Wewe wanakupenda. Mimi wangenimaliza. Nikasema wewe utaamka tena."

Rubani alianza kumwendea, Meneja akamzuia kwa kalamu tu, kalamu ile ya daftari, akaiweka kifuani pake. Halafu akanigeukia mimi, na nadhani aliuliza kwa sababu walimu hawawezi kuacha swali bila jibu.

"Kwa nini ishirini na moja nukta nne? Ni namba ya nini?"

Sikuwa nimepanga kumwambia mtu. Labda siku moja ningemwambia kaka, tukiwa wazee, tukikaa mahali tunacheka.

"Ondoa nukta," nikasema. "Mia mbili na kumi na nne. Ni namba yake ya shule. Kidato cha pili. Mwaka alipofariki baba, mmoja wetu ilibidi aache, akaacha yeye. Madaftari yake yalikuwa na kurasa tupu, akanipa mimi, nikafanyia hesabu zangu za kwanza humo. Kila jalada lilikuwa na jina lake na namba hiyo. Nikaona mtu aliyenipa kurasa zake, basi kazi yangu yote iwe na namba yake."

Meneja akafunga daftari. Nilimtazama kaka. Alikuwa anatikisa midomo, anajaribu kukumbuka.

"Siikumbuki," akasema.

"Najua."

"Mdogo wangu, ningejua kwamba ile ni..."

"Ungejua, ungeandika ipi?"

Jibu lake nilikuwa nalisubiri kwa kweli, nilikuwa nataka alipate. Spana akaiweka chini taratibu juu ya saruji, isilie.

Wakati wa kuondoka Meneja alisema, "Jumatatu saa mbili, ofisini kwetu, uje na kebo zako." Rubani akanipa mkono, akaanza kuniomba radhi, nikamwambia aache. Nilikuwa nimepata kazi niliyoiwinda miaka yote, na sikuhisi kitu. Niliinama nikachomoa treni yangu kutoka chini ya dashibodi. Kebo ile ni ndefu, na tumezoea kuikunja wawili, mmoja ameshika ncha, mwingine anaizungusha mizunguko mipana. Nilipojinyoosha nilimkuta kaka amesimama, ameshaishika ncha ya pili, kwa mazoea tu, hata yeye sidhani alijua. Nikaichukua mkononi mwake. Nikaikunja peke yangu, vizuri, duara kubwa kubwa, ikachukua muda mrefu.

Injini mpya ya Rubani ilifungwa kwenye gereji nyingine. Niliiandikia ramani wiki mbili baadaye, saa nne asubuhi, kataa ka kijani kanapepesa vizuri. Vyumba vyote vilijaa mpaka nikafika kwenye kona ya chini kulia. Kompyuta haikubali chumba kikae kitupu, lazima kiwe na namba. Nilikaa pale nimeshika kipanya, fundi mwenyeji akaniuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna. Nikanakili namba ya chumba cha jirani, kama wanavyofanya mafundi wengine wote, nikabonyeza kuandika.